Kilo Ngapi, na Wiki Ngapi?

Mtoto akizaliwa, swali la kwanza baada ya kuuliza ni wa kike au wa kiume ni kilo ngapi. Akiwa na kilo nne, baba hupongezwa. Akiwa na kilo mbili, sauti hushuka, na mama ambaye bado hajapata hata nguvu ya kukaa huanza kuhojiwa na mawifi: kwani ulikuwa unakula nini? Baada ya wiki chache namba ile imesahauliwa na wote. Imebaki kwenye kadi ya kliniki, na kadi yenyewe ikipotea siku ya kuhama nyumba, hakuna anayeikumbuka tena.

Mimi naona tunakosea pande zote mbili. Siku ya kwanza tunaipa namba hiyo uzito isiostahili, tunamhukumu nayo mama na mtoto. Baadaye, wakati ambapo ingetusaidia, hatunayo.

Shirika la Afya Duniani linahesabu mtoto wa chini ya gramu 2500 kuwa na uzito pungufu, na wa chini ya gramu 1500 kuwa na uzito pungufu sana. Kwa makadirio ya shirika hilo na UNICEF, mwaka 2020 walizaliwa duniani watoto wapatao milioni 19.8 wenye uzito pungufu, yaani karibu mmoja kati ya kila saba. Si jambo la nadra, wala si aibu ya familia fulani. Lakini gramu peke yake hazitoshi. Wachukue watoto wawili wa kilo mbili kamili. Wa kwanza amezaliwa wiki ya 33. Ukubwa wake unalingana na wiki zake, ila amewahi. Huyu ndiye tunayemwita njiti. Mapafu yake hayajakomaa vizuri, bado hajajua kunyonya na kumeza na kupumua kwa mpangilio mmoja, na mwili wake hauwezi kujitunzia joto. Wa pili ametimiza wiki 39, viungo vyake vimekomaa, lakini alibanwa tumboni: damu na chakula vilivyopita kwenye kondo la nyuma havikumtosha. Huyu analia kwa nguvu, ananyonya, na mara nyingi anaruhusiwa kwenda nyumbani siku inayofuata bila mtu kujiuliza kwa nini alikuwa mdogo. Sukari yake inaweza kushuka ghafla katika siku za kwanza, na yeye ndiye anayehitaji kufuatiliwa kwa miaka, kwa sababu kilichombana tumboni kinaweza kuwa kimeacha alama.

Kwa hiyo, pamoja na kilo, uliza wiki. Na wiki hazijulikani siku ya kujifungua kama hazikuhesabiwa mwanzoni. Zinatokana na tarehe ya hedhi ya mwisho na kipimo cha picha kilichofanywa mapema, kabla ya wiki ya 24. Najua wanawake wengi huficha mimba miezi ya mwanzo wakiogopa maneno na husuda ya watu. Wafiche kwa majirani, hilo ni lao. Kwa mkunga wasifiche. Kuanza kliniki kabla ya wiki 12 ndiko kunakomwezesha mkunga kujua baadaye kama mtoto aliwahi au alibanwa.

Uliza pia namba kamili. Katika wodi zenye kazi nyingi uzito huzungushwa, na ndiyo maana kumbukumbu za nchi nyingi zina watoto wengi mno wa 2500 na 3000 kamili. Tofauti ya 2440 na 2500 inaweza kuamua kama mtoto atafuatiliwa au ataachwa. Ikiwa amezaliwa nyumbani au njiani, apelekwe kupimwa siku hiyohiyo, kwa sababu mtoto mchanga hupungua siku za mwanzo, pengine hadi asilimia 10 ya uzito wake, na huchukua wiki moja na nusu au mbili kuurudia. Uzito wa siku ya tano si uzito wa kuzaliwa.

Kwa nini nasisitiza kumbukumbu namna hii? Kwa sababu yote tunayoyajua kuhusu uzito wa kuzaliwa na afya ya ukubwani yalitoka kwenye vitabu ambavyo mtu fulani alivijaza kwa uangalifu na mwingine hakuvitupa. Katika jimbo la Hertfordshire, Uingereza, tangu 1911, chini ya usimamizi wa Ethel Margaret Burnside, wakunga waliandika uzito wa kila mtoto, wauguzi wakawafuata watoto majumbani, na wakawapima tena walipotimiza mwaka. Miaka mingi baadaye Profesa David Barker na wenzake wa Southampton walivipata vitabu hivyo na kuanza kuwatafuta wale watoto, ambao sasa walikuwa watu wazima, wazee au marehemu. Mwaka 1989 walichapisha habari za wanaume zaidi ya 5,600 waliozaliwa kati ya 1911 na 1930. Waliokuwa wadogo walipozaliwa na kubaki wadogo walipotimiza mwaka mmoja ndio waliokufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo.

Wengi hawakuamini mwanzoni, na walikuwa na haki ya kuuliza: je, si umaskini tu? Tangu hapo uhusiano huo umeonekana katika nchi nyingi, kwa moyo, kwa shinikizo la damu na kwa kisukari cha ukubwani. Maelezo yake yanaeleweka. Mtoto anayebanwa tumboni hufanya kama familia ambayo mshahara haujaingia: kilichopo kinaenda kwenye jambo lisiloweza kusubiri, nalo ni ubongo, na mengine yanapunguziwa. Figo ni miongoni mwa yanayopunguziwa. Vichujio vyake vidogo huundwa kabla ya kuzaliwa, karibu vyote vikiwa tayari ifikapo wiki ya 36, na baada ya mimba kukamilika havitengenezwi vipya. Mwenye vichujio vichache huvitumikisha zaidi, na presha inaweza kupanda mapema kuliko kwa wenzake. Kongosho na misuli navyo huwekwa katika hali ya kubana matumizi, hali inayomfaa mtu atakayeishi kwa chakula kidogo na kumletea taabu atakayekuja kuishi kwenye chipsi na soda.

Lakini uzito ni alama tu ya yaliyopita tumboni, na si kila kilichopita huacha alama hiyo. Uholanzi iliposhikwa na njaa kali majira ya baridi ya 1944 na 1945, wanawake walioipata njaa miezi ya mwanzo ya mimba, kisha wakala vizuri baada ya vita, walizaa watoto wa uzito wa kawaida. Hata hivyo watoto hao walipofika utu uzima walikuwa na ugonjwa wa moyo zaidi ya wenzao. Na kinyume chake, wapo watoto wadogo kwa sababu wazazi wao ni wadogo, au ni pacha, au ni uzao wa kwanza, na hawana tatizo lolote. Utafiti unazungumzia wastani wa maelfu ya watu. Hauwezi kumtabiria mtoto wako mmoja. Watoto walio wengi waliozaliwa na kilo mbili na kitu wanakua, wanasoma, wanazeeka kama wengine.

Sasa kwa mama ambaye bado ana mimba, na kwa wanaoishi naye. Katika nchi zetu zenye malaria, jambo ambalo huenda lina faida kubwa kwa gharama ndogo ni dawa ya SP. Vijidudu vya malaria hujikusanya kwenye kondo la nyuma na kumnyima mtoto chakula, huku mama akiwa hana hata homa. Ndiyo maana SP hutolewa kwa asiyeumwa: kuanzia mwezi wa nne, kila dozi ikipishana na nyingine kwa mwezi mmoja au zaidi, angalau mara tatu kabla ya kujifungua, pamoja na kulala ndani ya chandarua kila usiku. Wengi humeza moja na kuacha. Anayetumia septrini kila siku kwa sababu ya VVU haongezi SP. Hilo alikumbushe kliniki. Vidonge vya madini ya chuma na foliki vimezwe kila siku bila kuruka, na chai isubiri, kwa sababu chai inazuia madini ya chuma kuingia mwilini. Hamu ya kula udongo inaweza kuwa dalili ya upungufu wa damu, basi isifichwe wala isichekwe; apimwe damu. Presha ipimwe kila hudhurio, maana presha ya mimba humbana mtoto kabla mama hajaona dalili yoyote. Sigara aache, na anayevuta nyumbani avutie nje. Mzigo wa kuchota maji na kukata kuni miezi ya mwisho ni kazi ya watu wengine wa nyumba hiyo, wakiwamo wanaume. Na ujauzito unaofuata usubiri angalau miezi 24 baada ya huu.

Uchungu ukianza kabla ya wiki ya 34, usisubiri nyumbani uone kama utatulia. Hospitali yenye uwezo wa kumtunza mtoto mchanga inaweza kumpa mama sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, na zinahitaji muda kabla ya kuzaliwa ili zifanye kazi.

Mtoto mdogo akishazaliwa, adui wa kwanza ni baridi, hata Dar es Salaam, hata Mombasa. Mwaka 1978, huko Bogotá nchini Kolombia, Dakta Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto wengi kuliko mashine za joto, na vifo vingi vya maambukizo kwa sababu walilazwa wawiliwawili. Akawarudisha kwenye vifua vya mama zao. Ndiyo njia ya kangaruu tunayoijua leo, na kwa miaka mingi ilichukuliwa kuwa njia ya wasio na mashine, tena ya mtoto ambaye hali yake imekwisha tulia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania kwa watoto wa kati ya kilo 1.0 na 1.8, ulibadili mawazo hayo. Waliowekwa kifuani mapema baada ya kuzaliwa, kabla hata hali haijatulia, walikufa pungufu kwa robo kuliko waliosubirishwa. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza hivyo kwa kila mtoto njiti au mwenye uzito pungufu, isipokuwa aliye mahututi.

Namna yake ni hii. Mtoto avae nepi, kofia na soksi tu. Asimamishwe katikati ya matiti, ngozi kwa ngozi, kichwa kikigeukia upande ili pua iwe wazi, miguu imekunjwa kama ya chura. Afungwe kwa kanga au kitenge kwa nguvu ya kutosha asiteleze mama anapoinuka, ukingo wa juu ukifika chini ya sikio. Mama alale ameegemea, si chali kabisa. Saa nane kwa siku ndicho kiwango cha chini; kadiri zinavyozidi ndivyo bora, na haiishi siku ya kuruhusiwa. Inaendelea nyumbani hadi mtoto mwenyewe aanze kuhangaika na kujitoa, mara nyingi akikaribia kilo mbili na nusu. Hapa ndipo familia huonekana. Hakuna anayeweza kupika, kufua, kupokea wageni na kubeba mtoto kifuani usiku na mchana. Baba ana kifua. Bibi ana kifua. Mama aliyejifungua kwa upasuaji apokewe na mmoja wao saa za mwanzo. Kwa mama aliyeajiriwa Tanzania Bara, marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yanamwongezea aliyejifungua njiti likizo hadi zitimie wiki 40 ambazo mimba ingechukua. Aidai ofisini kwake.

Jiko la mkaa lisiingie chumbani kwa ajili ya kumpa mtoto joto. Hewa yake ya sumu haina harufu na imekwisha ua familia nzima zilizolala madirisha yamefungwa. Na kumwogesha kusubiri angalau saa 24; kwa aliye mdogo sana muda ni mrefu zaidi, afutwe tu.

Chakula chake ni maziwa ya mama yake, kuanzia dang'a. Asiyeweza kunyonya akamuliwe na kunyweshwa kwa mrija au kikombe kidogo kisafi, si chupa. Kwa miezi sita asipewe uji mwepesi, maji ya glukosi wala maziwa ya ng'ombe, hata mama mkwe aliyelea watoto tisa akisema hivi ndivyo wanavyonenepa. Naelewa uchungu wa kumwona mtoto mwembamba ukikaa mikono mitupu. Lakini uji wa mwezi wa pili hujaza tumbo dogo kwa maji na wanga kidogo, na huleta kuhara. Mtoto wa kilo mbili hana akiba ya kuhara nayo. Kinachokosekana kweli kwenye mwili wake ni madini ya chuma, ambayo watoto huwekewa akiba wiki za mwisho za mimba. Uliza kliniki kuhusu matone ya madini hayo. Anahitaji kuyaanza mapema kuliko wenzake, kwa kipimo cha uzito wake.

Mkimbizeni hospitali akishindwa kunyonya, akiwa wa baridi au wa moto, akipumua haraka au kifua kikibonyea, akilegea, akipata degedege, au umanjano ukifika viganjani na nyayoni. Kwa mtoto huyu usiseme tuone kesho.

Njiti mdogo sana, hasa aliyewekewa oksijeni, anahitaji pia kuchunguzwa mishipa ya ndani ya macho na daktari wa macho, kati ya wiki ya nne na ya sita tangu kuzaliwa. Tatizo likigunduliwa wakati huo linatibika. Likichelewa, mtoto anaweza kupofuka. Usiruhusiwe kuondoka bila kuuliza tarehe hiyo.

Halafu yanakuja masuala ya kukaa, kutambaa, kusema, na hapo majirani wanaanza tena. Kwa njiti kuna hesabu moja inayopunguza machozi mengi. Aliyezaliwa wiki ya 32 aliwahi kwa wiki nane, basi akifikisha miezi sita mlinganishe na mtoto wa miezi minne. Fanya hivyo hadi atimize miaka miwili. Ila chanjo hazifuati hesabu hiyo. Zinafuata tarehe aliyozaliwa, kwa maana magonjwa hayamsubiri akue.

Ni kweli kwamba, kwa wastani, waliozaliwa na uzito pungufu hupata shida zaidi kidogo shuleni, na waliozaliwa mapema sana zaidi ya kidogo. Lakini ubongo haujafungwa siku ile. Kingston, Jamaika, watafiti wakiongozwa na Susan Walker waliwachukua watoto waliotimiza miezi lakini wakazaliwa na uzito pungufu, na kutuma wahudumu wa jamii kuwatembelea majumbani, wakiwafundisha mama zao kuzungumza na mtoto na kucheza naye kwa vitu vilivyotengenezwa nyumbani. Watoto hao walipofika miaka sita, waliotembelewa waliwazidi wenzao ambao hawakutembelewa katika baadhi ya vipimo vya akili na kumbukumbu, na walikuwa na matatizo machache ya tabia. Hakukuwa na dawa wala vifaa vya bei. Mwimbie unapomkanda. Mtajie majina ya vitu. Mpe sufuria na kifuniko, kopo lenye mbegu lililofungwa vizuri, kitambaa cha kuvuta. Mjibu anapotoa sauti, kana kwamba amesema neno. Akichelewa sana hata kwa hesabu ile ya wiki, au mwili ukiwa mkakamavu au mlegevu upande mmoja, mazoezi ya viungo yaanze mapema, asingojewe hadi afike umri wa kwenda chekechea.

Kuhusu kunenepa, wakati wake una umuhimu kuliko wengi wanavyodhani. Tafiti zilizofuatilia watoto wa Brazili, Guatemala, India, Ufilipino na Afrika Kusini hadi utu uzima zilionyesha kwamba kukua vizuri miaka miwili ya kwanza, hasa kurefuka, kuliendana na elimu zaidi na mwili mrefu. Kunenepa haraka kupita urefu baada ya hapo, utotoni kuelekea ujana, kuliendana na presha na sukari ya juu. Basi katika miaka miwili ya kwanza usimbanie: yai, dagaa waliosagwa, maharage, parachichi, mboga, mafuta kidogo kwenye uji. Baada ya hapo, akishafuata mstari wake kwenye kadi, acheni kumfidia. Nimeona bibi wengi, kwa mapenzi, wakimjaza mjukuu aliyezaliwa njiti soda na maandazi akiwa na miaka saba, kwa kuwa macho yao bado yanamwona yule wa kwenye kofia ya sufu. Yeye ndiye hasa ambaye mwili wake utashindwa kuubeba unene huo.

Sitamsahau mtoto wa kilo nne na nusu, anayeshangiliwa. Pengine ni wa ukoo wa watu wakubwa, heri. Lakini pengine mama yake alikuwa na kisukari cha mimba ambacho hakikupimwa. Mtoto huyo anaweza kukwama mabega wakati wa kuzaliwa na kuumia mishipa ya mkono, sukari yake inaweza kushuka sana saa za kwanza, kwa hiyo anyonyeshwe mara moja na apimwe. Na baadaye ana hatari kubwa zaidi ya unene na kisukari. Mama yake apimwe sukari wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, kisha mara kwa mara, kwa kuwa waliopata kisukari cha mimba hukipata cha kudumu mara nyingi zaidi.

Na hiyo namba muitunze. Piga picha ukurasa wa kadi au kijitabu cha kliniki wenye uzito na wiki, mtumie baba yake na shangazi mmoja mwenye mpangilio, uandike pia mahali mnapoweka cheti cha kuzaliwa. Akiwa shuleni, apimwe presha anapoenda kutibiwa, hata kama daktari hakuiwazia kwa umri wake. Mwambie daktari huyo mtoto alizaliwa na gramu ngapi. Akiwa mkubwa, apewe namba hiyo iwe yake. Na kama ni binti, siku atakapoanza kliniki ya mimba yake mwenyewe amweleze mkunga, kwa sababu wanawake waliozaliwa wadogo huzaa watoto wadogo mara nyingi zaidi, na mkunga akijua hilo mapema atampima presha, damu na ukuaji wa mtoto kwa jicho la karibu.